Mlandizi: Mji wa Njiani na Urithi Wake



Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Morogoro kwa barabara huipita Kibaha, akaipita Visiga, na baada ya kwenda kama kilometa 60 tangu atoke mjini hufika Mlandizi. Abiria walio wengi hawashuki hapo. Huona maduka ya kando ya njia, wauzaji wa matunda na mahindi ya kuchoma, na watoto wa shule wangojao kuvuka. Kisha gari huteremka kwenye bonde la Ruvu, na mji ukawa nyuma yao. Ukimwuliza abiria wa namna hiyo habari za Mlandizi, atakujibu ya kwamba ni mahali pa njiani tu.

Jibu hilo lina kweli ndani yake, walakini halitoshi. Maana abiria huyo, akiwa ni mkaaji wa Dar es Salaam, yamkini alikunywa maji ya Mlandizi asubuhi ile kabla hajaondoka kwake, wala hakujua. Basi leo nataka kuwaeleza habari za mji huu mdogo na nchi iliyouzunguka, yaani upande huu wa Uzaramo ambao sasa umegawanyika baina ya wilaya za Kibaha na Kisarawe. Nataka tuone jinsi nchi ya njiani ilivyowalisha na kuwanywesha wapitao, na tujiulize ni nani atakayezitunza habari zake.

Tuanze na mto, kwa kuwa mto ulikuwapo kabla ya watu. Ruvu huzaliwa katika milima ya Uluguru, ukapokea maji ya Mgeta na Ngerengere, ukapita katika bonde pana lenye rutuba, mwisho ukaingia katika Bahari ya Hindi upande wa kaskazini wa Bagamoyo. Katika vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 utaukuta ukiitwa Kingani. Mvua za masika zikiwa kubwa, mto huu hufurika na kuacha udongo mweusi mabondeni, na katika udongo huo watu hulima mpunga. Kiangazi kikiwa kikali, hupungua hata mtu akaogopa. Kwa hiyo wenyeji wa hapa tangu zamani wamekuwa wakiutazama mto kama mtu amtazamavyo mzazi wake mkali: wanampenda, na wanamhofu.

Wenyeji hao ni Wazaramo. Masimulizi ya wazee husema kwamba asili yao imeungana na ile ya Waluguru, Wakutu na Wakwere, na kwamba wazee wao waliteremka kutoka upande wa milima kuja nchi ya karibu na pwani. Habari isimuliwayo zaidi ni ile ya Pazi Kilama. Husemwa kwamba zamani Wakamba waliingia katika nchi ya Mrima, wakawasumbua sana watu wa pwani. Washomvi waliokaa pwani hawakuwa na nguvu za kuwaondoa. Kilama alikuwa mwindaji wa tembo, mtu hodari, naye akakubali kuwasaidia. Akapigana na Wakamba, akawashinda, wakaondoka. Washomvi wakaahidi kumpa yeye na wazao wake ada ya nguo na vitu vingine kila mwaka. Tangu hapo jina la Pazi likawa cheo cha wakubwa wa Uzaramo, na hata leo ni jina la ukoo linalojulikana sana.

Katika masimulizi haya liko jambo la kuangaliwa. Watu wa bara na watu wa pwani walifanya mapatano, kila upande ukajua deni lake. Mtu wa pwani hakujiona kuwa amemaliza habari na mtu wa bara kwa kuwa hatari imekwisha, maana kila mwaka wajumbe walikuja kuikumbusha ahadi. Nitalirudia neno hili mwishoni.

Sasa nitaje biashara moja ambayo vijana wengi wa leo hawaijui, nayo ni sandarusi. Sandarusi ni utomvu wa mti uitwao msandarusi. Utomvu huo ukidondoka na kufukiwa ardhini kwa miaka mingi mno huwa mgumu, unaong'aa kama kioo cha rangi ya asali. Ule uliochukuliwa mtini, au uliokuwa haujakomaa ardhini, uliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa ndogo. Katika karne ya 19 watu wa Uzaramo walikwenda porini na majembe, wakachimba mashimo, wakatafuta vipande vya sandarusi, wakavichukua kuviuza pwani. Kutoka pwani vilivukishwa Unguja, na kutoka Unguja vikasafiri katika majahazi na merikebu hadi Bara Hindi, Ulaya na Marekani.

Katika Marekani mji uliokuwa na biashara kubwa na Unguja ni Salem, bandari ndogo ya jimbo la Massachusetts. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu za Salem zikaja kwa wingi. Sandarusi iliyofika huko ilisafishwa, ikatumika kutengeneza vanishi ya kupaka samani na magari ya farasi. Wamarekani nao wakaleta nguo ngumu za pamba, na nguo hizo zikaitwa merikani kwa sababu ya nchi zilikotoka. Basi fikirini: mkulima wa Uzaramo aliyevaa merikani, na tajiri wa Massachusetts aliyekaa katika kiti kilichopakwa sandarusi. Hawakuonana kamwe wala hawakujuana majina, lakini kila mmoja alikuwa amebeba kazi ya mikono ya mwenziwe.

Njia nayo ililetwa na biashara. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilitoka Bagamoyo na bandari nyingine za Mrima kwenda Unyamwezi na Ujiji, nayo ilipasa kupita Uzaramo au kuvuka Kingani. Wapagazi walio wengi walikuwa Wanyamwezi. Utani uliopo mpaka leo baina ya Wanyamwezi na watu wa pwani, Wazaramo wakiwamo, ni ukumbusho wa zamani zile za kukutana njiani, kugombana, kupatana, kulishana na kuzikana. Wakubwa wa vijiji walidai hongo kwa kila msafara upitao, na wasafiri waliwalalamikia sana. Lakini tuwe waadilifu. Msafara wa mamia ya watu hunywa kisima chote, hukata kuni, na pengine huingia mashambani. Aliyekuwa na nchi aliona ni haki yake kulipwa.

Pengine mambo yaliharibika. Mwaka 1845 kijana mmoja Mfaransa, afisa wa merikebu za vita, jina lake Maizan, aliingia bara akiwa na mali nyingi na walinzi wachache. Akafika mahali paitwapo Dege la Mhora katika Uzaramo, na hapo mkubwa mmoja, jina lake Mazungera, akamwua. Wafaransa wakamshika Sayyid Said awaletee mwuaji. Mazungera hakupatikana. Aliyekamatwa ni mtu mwingine aliyesemekana kuwa ndiye aliyepiga ngoma wakati wa mauaji, naye akafungwa minyororo Unguja kwa miaka mingi. Mwingereza Richard Burton alipopita katika bonde la Kingani pamoja na mwenziwe Speke mwaka 1857, habari hiyo ilikuwa bado inasimuliwa, nao walikwenda kwa hofu. Kwa ajili ya jambo hilo moja Wazaramo waliandikwa vibaya katika vitabu vya Ulaya. Habari za mpiga ngoma aliyelipa deni la mtu mwingine hazikuwasumbua sana waandishi hao.

Hata ukaja utawala wa Wajerumani. Wamisionari wao walifungua vituo Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890, na baadhi yao waliandika desturi za Wazaramo, hivyo tukapata habari za Kolelo. Kolelo ulikuwa mzimu mkubwa katika milima ya Uluguru. Mvua ilipokosekana, Wazaramo waliwatuma wazee wao safari ya siku nyingi kwenda huko kuomba. Ukiangalia vema utaona ya kuwa jambo hili lilikuwa na maana yake. Milima ile ndiyo iuzaayo Ruvu. Wazee wale walikwenda kuomba maji mahali maji yatokako.

Mwaka 1905 ulikuwa mwaka mzito. Mwezi wa Februari Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam. Mwezi wa Julai vita vya Maji Maji vikaanza katika milima ya Umatumbi, na habari zikaenea Uzaramo kwamba Kolelo amekataza watu wasilipe tena kodi kwa wageni. Sehemu za Kisarawe ziliingia katika vita, na Kibasila wa Kisangire anahesabiwa katika viongozi wake. Hivyo katika nchi moja na mwaka mmoja, huku watu walikuwa wakitandika vyuma vya reli, huku wengine walikuwa wakitafuta dawa ya kuwaondoa wenye reli. Vita vilishindwa, na watu wengi walikufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata. Reli ikapita Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere, ikafika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914.

Gari la moshi liliua misafara ya miguu. Vijiji vilivyokuwa vikiishi kwa wapitaji vikaona wapitaji wamehamia relini, na stesheni kama Soga na Ruvu zikawa ndizo mahali pa kukutania. Katika Vita Vikuu vya kwanza Waingereza waliitwaa Bagamoyo mwezi wa Agosti 1916, Morogoro mwezi huo huo, na Dar es Salaam mwanzoni mwa Septemba. Tangu hapo bonde la Ruvu likawa chini ya Waingereza.

Zama za motokaa zikaleta barabara, na barabara ndiyo iliyoupa mji wa Mlandizi sura yake ya sasa. Mwaka 1963 reli ilitolewa tawi kutoka Ruvu kwenda Mnyusi, ikaunganisha reli ya kati na ile ya Tanga. Mwaka 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao na njia ya Zambia ya kupatia mafuta ikafungwa, malori yaliyobeba mapipa ya mafuta yalipita katika barabara ya Morogoro mchana na usiku. Watu wa Mlandizi wakaona siasa za dunia zikiwapita mlangoni na vumbi lake.

Lakini jambo kubwa kuliko hayo yote lilikuwa limekwisha kufanyika kimya kimya. Mwaka 1959 mtambo wa maji wa Ruvu Juu ulijengwa hapa Mlandizi. Maji ya mto huvutwa, yakasafishwa, yakapelekwa kwa mabomba makubwa kupita Kibaha na Kibamba hadi matangi ya Kimara, na kutoka hapo yakateremka mjini. Mwaka 1976 ukaongezwa mtambo wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo. Mtambo wa Ruvu Juu ulikuwa ukitoa kama lita milioni 82 kwa siku. Baada ya upanuzi uliozinduliwa mwaka 2017, uwezo wake ulifika lita milioni 196 kwa siku. Basi katika miaka hii mji mkubwa kuliko yote wa Tanzania umekuwa ukiishi kwa mto unaopita kando ya mji mdogo ambao wakazi wake wengi hawajapata kushuka.

Deni hili lilionekana wazi mwishoni mwa mwaka 2022. Mvua za vuli zilichelewa, Ruvu ukapungua vibaya, na Dar es Salaam ikaingia katika mgawo wa maji. Watu wakabeba ndoo usiku, na magazeti yakajaa picha za mchanga katikati ya mto. Mwezi wa Novemba mwaka huo ukatiwa saini mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, la kuhifadhi mita za ujazo milioni 190. Kwa mara ya kwanza watu wengi wa mjini walilitamka jina la Ruvu kwa hofu ile ile waliyokuwa nayo wazee waliokwenda kwa Kolelo.

Wala si maji peke yake. Misitu ya Ruvu Kaskazini na Ruvu Kusini, ambamo misandarusi ilikuwa ikiota, imekatwa sana kwa ajili ya mkaa, na mkaa huo umekwenda kupikia chakula cha mjini. Ardhi nayo inauzwa. Mtu wa mjini hununua shamba, hujenga ukuta, na penye ukuta palikuwa na njia ya kwenda kisimani au mkwaju uliokuwa mpaka wa koo mbili. Kila mwenye kuuza ana haja yake, nami simlaumu. Lakini mkwaju ukiisha kukatwa, na mzee aliyeujua mpaka akiisha kuzikwa, hapana daftari litakaloturudishia habari ile.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Urithi wa Mlandizi hauna ngome ya mawe kama Kilwa wala milango ya nakshi kama Bagamoyo. Umo katika mambo yashikwayo kwa mkono na kwa ulimi. Chukueni mfano wa mwana hiti. Ni kinyago kidogo cha mti, chenye kichwa na kiwiliwili tu. Mwali wa Kizaramo alipowekwa ndani alipewa kinyago hicho akitunze kama mtoto wake, akipake mafuta, asikiache, ajifunze ulezi kabla hajawa mlezi. Kisha siku ya kutolewa palikuwa na ngoma, na wanawake walimfundisha chini ya mti wa mkole maneno ambayo mwanamume hakuyasikia. Leo vinyago vya namna hiyo vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, ndani ya vioo. Mtu wa mbali hulipa kiingilio avitazame. Mjukuu wa aliyevichonga pengine hajapata kukiona hata kimoja.

Kuandika ndiyo dawa. Tunaye mfano katika watu wa nchi hii hii. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa asili ya Kizaramo kutoka Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa mwaka 1903 ni maandishi yake. Maisha ya huko hayakuwa mepesi kwake, naye alikufa huko mwaka 1927. Lakini kwa sababu aliandika, leo tunajua jinsi watu wa Mrima walivyooa, walivyozika, walivyolima na walivyocheza. Je, ni wangapi waliokuwa na elimu kama yake, au kubwa kuliko yake, na hawakuacha hata ukurasa mmoja?

Msidhani kwamba nalilia ya zamani na kuyachukia ya sasa. Mlandizi ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha. Mabinti wa timu ya mpira ya Mlandizi Queens walikuwa mabingwa wa kwanza wa ligi kuu ya wanawake ya Tanzania, katika msimu wa 2016 na 2017, wakazishinda timu za miji mikubwa. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro, ikiwa na stesheni Soga na Ruvu, majina yale yale ya zamani za Wajerumani. Na mwezi wa Julai 2025 ikafunguliwa bandari kavu ya Kwala, ili shehena za nchi za jirani zichukuliwe huko pasipo msongamano wa mjini. Haya ni mambo mema. Nchi iliyozoea kupitwa sasa inaanza kusimamiwa.

Lakini wakija wageni wengi, wenyeji wanapaswa kuwa na la kuwaambia. Wazee husema, mwacha asili ni mtumwa. Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa walimu wa Mlandizi, Soga, Ruvu na Kisarawe: wapeni watoto kazi ya kumwuliza babu au bibi jina la kisima, la kilima na la mti mkubwa ulio karibu nao, na waandike kwa nini paliitwa hivyo. Kwa wenye nyumba: andikeni majina ya waliozikwa katika viwanja vyenu, hata kama makaburi hayana jiwe, kwa kuwa barabara na reli huhamisha makaburi, na kaburi lisilo na jina huhamishwa kama udongo. Na kwa watu wa Dar es Salaam: mfunguapo bomba, kumbukeni mto ule umetoka wapi na umepita kwa nani.

Nilisema nitalirudia neno la Pazi. Washomvi walisaidiwa, wakatoa ahadi, na kila mwaka wakaikumbuka. Mji mkubwa wa pwani leo umepokea maji, mkaa, mpunga na ardhi kutoka nchi ile ile ya bara. Ada ya nguo imekwisha zamani. Ada iliyobaki ni kuitunza misitu ilindayo mto, na kuwatambua watu wa bonde lake kuwa ni wenye nchi, wenye habari zao na majina yao. Nayo, mabibi na mabwana, si ada kubwa.

Kwaherini.